SOMO KWA MAKATIBU: FUNGUO ZA BARUA PEPE NA MALI YA WANACHAMA

Kila mwanaushirika anafahamu kwamba hundi ya chama haitoki kwa saini ya mtu mmoja, na kwamba ufunguo wa sefu hautundikwi ukutani. Barua pepe, ambayo siku hizi hubeba orodha za wakulima, namba za akaunti na hesabu za pamba na tumbaku, yastahili uangalifu uleule.

Mfano

Chukulia chama cha msingi kilicho karibu na Nyahanga, Kahama. Katibu anapokea barua pepe yenye jina la ofisa wa chama kikuu, ikimwagiza alipe fedha za pembejeo katika akaunti mpya. Jina ni lile lile na lugha ni ile ile, ila mwandishi ni mwizi. Katibu akitii, jasho la msimu mzima hupotea kwa dakika chache, na mkulima ndiye alipaye.

Funguo mbili

Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP. Mwaka 1999 Mjerumani Werner Koch alitoa toleo la 1.0 la GnuPG, ambayo hupatikana bure. Programu hizi humpa mtumiaji funguo mbili. Ufunguo wa wazi hugawiwa kwa watu wote, nao hufunga barua zinazomwendea mwenyewe. Ufunguo wa siri hubaki kwake, nao huzifungua. Ufunguo wa siri pia hutia saini, na barua ikibadilishwa hata herufi moja, saini hiyo hukataliwa.

Hata hivyo, mwizi naye aweza kutengeneza ufunguo na kuupa jina la ofisa. Ndiyo maana kila ufunguo una alama yake, mfano wa alama ya kidole gumba, ambayo kwa kawaida ni tarakimu na herufi 40. Katibu na ofisa hawana budi kusomeana alama hiyo ana kwa ana, au kwa simu yenye namba iliyokwisha kujulikana, si namba iliyoandikwa katika barua yenyewe. Pasipo hatua hii, kufuli imara humlinda mwizi.

Kadi ya ufunguo

Ufunguo wa siri uliohifadhiwa katika kompyuta waweza kunakiliwa na aingiaye humo. Kadi maalumu huutunza ndani yake na kufanya kazi humo humo bila kuutoa nje. Kwa kawaida namba ya siri ikikosewa mara tatu mfululizo, kadi hujifunga. Lakini kadi haioni kilichoandikwa kwenye kioo: kompyuta yenye virusi yaweza kuitumia kutia saini barua isiyokusudiwa. Kwa hiyo isitumiwe katika kompyuta ya duka la steshenari, wala isiachwe mahali pake kazi ikiisha. Nakala ya ufunguo ifungwe katika bahasha na kuwekwa ndani ya sefu, kwani kadi ikipotea bila nakala, barua za zamani hazitafunguka tena.

Vitufe na picha

Kleopatra, na pia Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020, hurahisisha kazi hii kwa vitufe na picha. Wepesi huo usimpumbaze mtu. Kabla ya kutuma, katibu ahakikishe kwamba kitufe cha kufunga kimewashwa. Namba ya akaunti isiandikwe katika kichwa cha barua, maana mara nyingi kichwa hakifungwi. Mwaka 2018 watafiti walifichua udhaifu ulioitwa Efail, ambao uliweza kuvujisha barua iliyofungwa kwa njia ya picha zivutwazo kutoka nje. Kinga yake ni kutumia toleo jipya la programu na kuzuia picha hizo.

Maswali ya kujadiliwa

1. Katika chama chenu, nani atashika kadi, na nani atatunza nakala?
2. Katibu akiacha kazi, nani atahakikisha kwamba ufunguo wake umebatilishwa na vyama vingine vimearifiwa?
3. Barua yenye saini halali ikitaja akaunti mpya, kwa nini bado inafaa kumpigia simu mwandishi kabla ya kulipa?