Somo la Sita: Matembezi ya Siku Moja Jijini pamoja na Mtoto Mdogo

Mlaji aliyefuatana na mtoto mdogo hana nguvu ya kupatana bei ifikapo saa nane mchana. Mtoto amechoka, ana kiu, analia. Mzazi hulipa chochote atakachotajiwa, ilimradi wafike kivulini. Watoa huduma wanalifahamu jambo hilo. Kwa hiyo tunashauri kwamba kila linalohitaji mapatano limalizwe mapema, ikiwezekana kabla familia haijatoka nyumbani.

Tuchukue familia inayokaa Kimara, jijini Dar es Salaam, yenye mtoto wa miaka mitatu. Wazazi wamekusudia kuona Makumbusho ya Taifa, kisha Coco Beach, na jioni kuvuka na pantoni hadi Kigamboni. Hayo ni mengi mno. Mahali pamoja panatosha, na sisi tungechagua Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kwa sababu humo mtoto hukimbia uwanjani na kuchungulia nyumba za asili za makabila mbalimbali, ilhali ndani ya jumba la maonyesho ataambiwa "usiguse" mpaka achukie. Mabasi ya mwendokasi yatawafikisha Morocco. Kutoka hapo wakichukua bajaji, wakubaliane nauli kabla ya kupanda, na waulize waziwazi kama ni ya safari nzima au ya kila kichwa.

Wapo watakaopenda kisiwa cha Mbudya, kinachofikiwa kwa boti kutoka Kunduchi. Hapa tunaomba msomaji atulie, maana kosa la hapa halirekebishwi kwa kurudishiwa fedha. Nauli ya boti ni jambo moja, na kiingilio cha hifadhi ni jambo jingine. Ulizeni kama bei mliyotajiwa inajumuisha vyote viwili, pamoja na safari ya kurudi na saa ya kurudi. Kisha ombeni kuona jaketi okozi la mtoto. La mtu mzima halimfai: akitumbukia majini, humpwaya na kuchomoka kichwani. Mvikeni mkiwa bado nchi kavu, mfunge mikanda yote, halafu mlivute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Kama hakuna la kipimo chake, au boti imejaa kupita kiasi, msipande, hata kama mmekwisha kulipa. Daini fedha yenu. Huduma isiyo salama si huduma mliyoinunua. Afadhali pia kurudi mapema, kwa kuwa upepo wa alasiri mara nyingi huchafua bahari.

Kuhusu chakula hatuna mengi. Bebeni maji ya kutosha na chakula ambacho mtoto amezoea. Mnaponunua maziwa au juisi ya pakiti, someni tarehe ya mwisho wa matumizi, na mguse pakiti: iliyovimba irudisheni. Bei iliyoandikwa ubaoni ndiyo mnayopaswa kudaiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na risiti ndiyo itakayowasaidia mkilalamika. Hata risiti ya aiskrimu, ndiyo.

Mtoto naye hupotea kwa kufumba na kufumbua. Andikeni namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi na kuitia mfukoni mwake, na asubuhi mpigeni picha akiwa na nguo za siku hiyo. Mzazi mwenye hofu husahau hata rangi ya shati.

Zoezi. Mmefika Kunduchi saa nne asubuhi. Nahodha anasema jaketi la mtoto "lipo boti nyingine", na abiria wenzenu wanawahimiza mpande. Jadilianeni nyumbani: nani kati yenu atakayesema hapana, na atasema kwa maneno gani?