Kufundisha Sayansi ya Habari kwa Kuanzia na Swali

Hutokea mara kwa mara katika vyuo vyetu vya ualimu kwamba mwanachuo, akisha kupata stashahada yake na kufundisha miaka michache, huazimia kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya sayansi ya habari. Aghalabu humjia kwanza mkufunzi wake wa zamani kumwuliza shahada hiyo ni ya nini hasa. Wapo wanaodhani kwamba watafundishwa kuandika magazetini, na kosa si lao. Neno "habari" lina kazi nyingi katika lugha yetu: tunaamkiana kwalo asubuhi, redio hutusomea taarifa yake saa mbili usiku, na taaluma hii nayo imelichukua kwa maana ya tatu, yaani jambo lolote lililoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa ambalo mtu mwingine atalihitaji baadaye. Wapo pia wanaodhani kwamba kazi yenyewe ni kugonga mhuri vitabuni na kuwanyamazisha wapiga kelele.

Makala hii yakusudia kuonyesha jinsi mkufunzi anavyoweza kumwandaa mwanachuo wa namna hiyo katika vipindi vichache vya ziada, akitumia vitu vilivyomo chuoni. Rai yetu ni kwamba somo hili hudumaa likianza na fasili za kunakili ubaoni, na hunawiri likianza na swali la mtu anayetafuta kitu na hakioni.

Historia yake yaweza kuelezwa kwa muda mfupi. Mwaka 1887 Melvil Dewey alifungua katika Columbia College, New York, shule ya kufundisha ukutubi. Kati ya wanafunzi 20 wa darasa la kwanza, 17 walikuwa wanawake, jambo ambalo wakuu wa chuo hawakulipenda, na mwaka 1889 shule ikahamishiwa Albany. Kwetu, Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963 ili kuzihudumia Uganda, Kenya na Tanganyika kwa pamoja. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianzisha kitivo kizima cha sayansi za habari, ambamo ukutubi, utunzaji wa nyaraka na uchapishaji viliwekwa chini ya paa moja. Huko Bagamoyo kipo chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kinachofundisha ngazi za chini ya shahada. Mwanachuo ajue pia kwamba katika shahada atakutana na takwimu, kompyuta, sheria za hakimiliki na uongozi wa ofisi. Asiingie akitazamia kusoma riwaya kwa miaka mitatu.

Baada ya hayo mkufunzi aiache historia, naye atoe swali la kwanza. Swali tunalolipendekeza halitoki maktaba bali masjala, kwa kuwa kila mwalimu ana faili masjala na siku moja atalihitaji. Mwalimu amefundisha zaidi ya miaka thelathini na sasa anastaafu. Ili mafao yake yakokotolewe, yatakiwa barua ya ajira yake ya kwanza. Karani anatafuta siku ya kwanza, ya pili, wiki ya pili, barua haionekani. Mzee anapanda basi, anarudi, anaambiwa aje mwezi ujao. Barua haikuliwa na mchwa wala haikuibiwa. Imo humo humo chumbani, katika faili lisilo lake. Darasa liulizwe: je, imefikaje huko, na ninyi mngeitafutaje?

Mkufunzi atashangaa jinsi swali hili linavyoamsha darasa, maana wengi wana mzazi au jamaa aliyewahi kupanda basi hilo. Mjadala ukipoa kidogo, andika ubaoni jina la kubuni, Juma Hamisi Ali, kisha mtake kila mwanachuo aandike kwenye kipande cha karatasi herufi ambayo angeliweka faili chini yake. Baadhi wataandika J, kwa kuwa huyo ndiye Juma, na Hamisi na Ali ni baba yake na babu yake. Wengine wataandika A, kwa kuwa wamezoea kwamba jina la mwisho ni la ukoo. Makarani wawili waliopokezana zamu katika chumba kimoja, kila mmoja akifuata mazoea yake kwa uaminifu kabisa, watakuwa wamemgawa mzee huyo sehemu mbili. Hapo ndipo mwanachuo atakapoona kwa nini chuo kikuu hutumia wiki nyingi kufundisha kanuni za kuandika majina, somo ambalo bila mfano huo lingemchosha kabla ya nusu saa kupita.

Zoezi la pili ni la uainishaji. Toeni vitabu vya rafu moja ya maktaba ya chuo, vivurugeni mezani, kisha makundi mawili yavipange upya kwa mtindo wayapendavyo, kila kundi likiwa na meza yake na orodha yake ya vitabu hivyo. Moja litapanga kwa somo, jingine pengine kwa darasa la wanafunzi watakaovitumia. Yote mawili yana haki. Lakini kila kundi liulizwe ni msomaji yupi lililomtupa nje.

Sasa ndipo uletwe mpango wa Dewey, alioutoa mwaka 1876 katika kijitabu cha kurasa 44, akiwa bado kijana wa miaka 24. Maarifa yote yamegawanywa katika mafungu kumi, na kila fungu katika kumi tena. Msiwapeni wanachuo jedwali lote walikariri. Waambieni wakitafute Kiswahili. Watalikuta fungu la lugha, 400, na humo Kiingereza kikiwa na 420 yake, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Lugha za Kiafrika zimesongamanishwa katika 496, na Kiswahili kimepewa 496.392. Fasihi yake ni 896.392. Wakigeukia dini wataona kwamba namba za 220 hadi 289 ni za Biblia na Ukristo, na Uislamu mzima umewekwa katika 297.

Wanachuo wengine watakasirika, na hasira hiyo ni njema, lakini mkufunzi asiishie hapo kwa hotuba. Dewey alikuwa akipanga vitabu vya chuo kimoja cha Amherst, Massachusetts, na rafu zake zilikuwa na vitabu vilivyokuwamo. Swali lenye manufaa ni hili: maktaba ya chuo chetu, ambayo vitabu vyake vingi vya lugha ni vya Kiswahili, ifanye nini? Iandike tarakimu sita kwenye mgongo wa kila kitabu? Ifupishe namba, na ikifupisha, itaagana vipi na maktaba nyingine zinazotumia mpango huo huo? Mpango wenyewe unaruhusu maktaba iipe lugha ya mahali nafasi ya mbele, lakini ruhusa hiyo ina gharama yake. Mwanachuo anayeweza kuitetea hoja ya upande mmoja na kueleza hasara yake ameanza kweli kusomea shahada.

Mwenye muda na aongeze habari za S. R. Ranganathan wa Madras, ambaye twadhani angewapendeza sana walimu kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Alipokuwa Uingereza masomoni aliona dukani vifaa vya kuchezea vya watoto, vya kuunganishwa vipande kwa vipande, na humo akapata wazo lake: kitabu kisitafutiwe shimo lililochimbwa tayari, bali namba yake ijengwe kwa vipande. Mfumo wake ukatoka mwaka 1933. Wapeni wanachuo mada kama "kufundisha hesabu za sehemu kwa darasa la nne katika shule za vijijini", waikatekate: somo, mada, tendo, ngazi, mahali. Hii ni kazi ambayo mwalimu huifanya kila aandikapo azimio la kazi, ila hajawahi kuambiwa kwamba ni uainishaji.

Twafika mahali ambapo taaluma hii yastahili hasa jina la sayansi, yaani pale inapojipima. Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha uhandisi wa ndege cha Cranfield, Uingereza, alifanya mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 majaribio ambayo kila mwanafunzi wa shahada hukutana nayo. Katika jaribio la kwanza alichukua nyaraka 18,000, akaziorodhesha kwa mifumo minne iliyokuwa ikishindana, kisha akauliza maswali 1,200 ili aone ni mfumo upi unaoleta jibu. Mabingwa waliokuwa wakigombana kwa miaka mingi walitahayari kidogo: mifumo yote minne ilikaribiana.

Kipimo chake chaweza kufundishwa kwa kadi 60. Andikeni kwenye kila kadi kichwa cha habari na mistari miwili ya maelezo, zote zihusu shule, na hakikisheni kwamba kadi 12 zinajibu swali, tuseme, la uhaba wa maji shuleni. Kundi la kwanza, lenye hofu ya kukosa, laweza kuleta kadi 30 ambazo 11 ndizo zinazofaa. Limepata 11 kati ya 12 zilizokuwapo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini limembebesha msomaji kadi 19 za bure. Kundi la pili, lenye tahadhari, laweza kuleta kadi 6, na 5 zikafaa. Msomaji hakuchoshwa, ila kadi 7 zilizomfaa zimebaki mezani naye hajui kwamba zipo. Kipimo cha kwanza twaweza kukiita ukamilifu, cha pili usahihi. Wanachuo wakirudia zoezi mara tatu wataona wenyewe kwamba aghalabu kimoja kikipanda kingine hushuka. Kisha waulizwe ni kipi bora, nao wataanza kubishana mpaka mmoja atakaposema: yategemea anayeuliza ni nani. Daktari atafutaye madhara ya dawa hataki kukosa hata kadi moja; mwalimu mwenye kipindi baada ya dakika kumi anataka mbili nzuri.

Katika zoezi hilo hilo litazuka tatizo la lugha yetu, nalo lisipuuzwe. Aliyetafuta neno "mwalimu" hatazipata kadi zilizoandikwa "walimu", na aliyetafuta "soma" atapitwa na "usomaji", "kisomo" na "walisomeshwa". Kiingereza hubadilisha zaidi mkia wa neno, Kiswahili hubadilisha kichwa pia, na orodha yoyote ya alfabeti huanza na kichwa. Watunga kamusi walikwisha kulikuta jambo hili. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Johnson, ya mwaka 1939, hukusanya maneno mengi chini ya shina lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huliweka kila neno mahali pa herufi yake ya kwanza. Ya kwanza humfaa ajuaye shina, ya pili humfaa asiyelijua. Programu za kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya Kiingereza hazikulifikiria suala hili, na hapa kuna kazi ya utafiti kwa kijana yeyote wa Afrika Mashariki ajuaye sarufi yake. Atafaidika pia na kazi ya Karen Spärck Jones wa Cambridge, ambaye mwaka 1972 alionyesha kwamba neno linaloonekana katika nyaraka chache lipewe uzito mkubwa kuliko lile lililotapakaa kote. Katika kadi zetu 60 neno "shule" halisaidii kitu. Neno "kisima" lina thamani.

La mwisho katika kufundisha, ingawa kwa msomaji ndilo la kwanza, ni kumsikiliza mwulizaji. Robert Taylor aliandika mwaka 1968 kwamba haja ya mtu hupita hatua kadhaa kabla ya kufika mezani kwa mkutubi, na kwamba analolisema hapo ni lile alilolipunguza ili lilingane na analodhani maktaba inacho. Kwetu huongezeka haya na heshima. Mwanachuo mmoja awe mkutubi, mwingine awe mama anayesema, "Samahani mwanangu, nataka kitabu cha watoto." Mkufunzi amwambie mama huyo kwa siri kwamba mjukuu wake hataki kula tangu alipoachishwa ziwa. Mkutubi wa haraka atamletea hadithi za sungura na fisi. Wa pili ataanza na, "Karibu mama, ni mtoto wa umri gani?" Wenzao wahesabu ni maswali mangapi yaliyoulizwa kabla ya haja kujulikana, na lipi lilimfunga mama mdomo. Maswali yanayoanza na "kwa nini unataka" hufunga. "Utamsomea nani" hufungua.

Kuhusu programu za siku hizi zinazojibu maswali kwa ufasaha, yatosha kumwambia mwanachuo kwamba baadhi ya majibu yao hutaja vitabu visivyokuwapo. Apewe jibu moja la namna hiyo na saa moja ya kuhakiki kila kilichotajwa humo, katika maktaba na kwenye intaneti, akiandika alikotafuta na alichokikuta.

Mtihani wa vipindi hivi usiwe wa fasili. Mpe kila mwanachuo swali moja halisi kutoka kwa mtu halisi wa jirani na chuo, siku tano, na karatasi ya kuandika njia aliyopita, pamoja na milango aliyobisha ikawa mitupu. Nusu ya alama itolewe na mkufunzi kwa njia hiyo. Nusu ya pili itolewe na mwenye swali.