Mrabaha wa Jina la Biashara: Jinsi Mwenye Chapa Anavyouandika Vitabuni

Mkazi anayefungua mkahawa au duka kwa kutumia jina la kampuni nyingine huingia katika mkataba unaoitwa franchaizi. Yeye ndiye mwenye tawi: huleta mtaji, hulipa kodi ya jengo, mishahara na leseni ya biashara ya kaunti. Kampuni inayomiliki jina, yaani mwenye chapa, humruhusu kutumia jina hilo, humfundisha kazi na kusimamia ubora. Kwa ruhusa hiyo mwenye tawi hulipa ada ya kujiunga mwanzoni, kisha mrabaha kila mwezi kulingana na mauzo yake.

Malipo haya mawili hayaandikwi vitabuni kwa njia moja. Anayeelewa tofauti yake ataelewa pia kwa nini mrabaha hudaiwa hata katika mwezi wa hasara, na kwa nini ni muhimu kusoma kifungu cha ada ya kujiunga kabla ya kutia sahihi.

Mrabaha hufuata mauzo

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mapato, IFRS 15, kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa mrabaha unaotegemea mauzo, kiwango hiki kinasema kwamba mwenye chapa huhesabu mapato pale mauzo ya tawi yanapofanyika, mradi yeye mwenyewe ametimiza wajibu unaohusika na mrabaha huo. Hahesabu mapema kwa kukisia mauzo ya mwaka ujao. Pia hangoji hadi pesa ziingie benki.

Chukua mfano wa tawi la kuku wa kukaanga ambalo mkataba wake unataja mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo. Mwezi wa Desemba tawi limeuza kuku wa Sh900,000 kabla ya ushuru wa thamani ya ziada (VAT). Mrabaha ni Sh45,000, nao utalipwa tarehe 15 Januari. Ikiwa mwaka wa fedha wa mwenye chapa unaisha tarehe 31 Desemba, ataandika Sh45,000 kuwa mapato ya Desemba, na kumwandika mwenye tawi kuwa mdaiwa wa kiasi hicho. Malipo ya Januari yatafuta deni tu. Hayawi mapato mapya.

Hesabu hiyo inatokana na mauzo, wala si faida. Kama kuku hao wa Sh900,000 waligharimu Sh950,000 kuandaliwa na kuuzwa, mrabaha unabaki Sh45,000.

Kodi katika malipo hayo

Mwenye chapa aliyesajiliwa kwa VAT huongeza asilimia 16, yaani Sh7,200. Pesa hizi si mapato yake. Anazipokea kwa niaba ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Mwenye tawi naye hukata kodi ya zuio kwenye mrabaha: asilimia 5 ikiwa mwenye chapa ni mkazi wa Kenya kwa mujibu wa sheria ya kodi. Kwa asiye mkazi kiwango cha kawaida ni asilimia 20. Katika mfano huu mwenye chapa ni mkazi, hivyo Sh2,250 zinakwenda KRA.

Benki basi itapokea Sh49,950. Hata hivyo, mapato ya mwenye chapa yanabaki Sh45,000. Zile Sh2,250 huandikwa kama kodi iliyokwisha kulipwa, naye hutumia cheti cha zuio kuidai anapowasilisha hesabu zake za kodi za mwaka.

Ada ya kujiunga husambazwa

Tuseme tawi hilo lilianza tarehe 1 Julai kwa mkataba wa miaka 10, na mwenye tawi alilipa Sh1,500,000 siku hiyo. Ndani yake mna tanuri la Sh300,000 ambalo sasa ni mali yake. Thamani ya tanuri huwa mapato ya mwenye chapa siku linapokabidhiwa. Sh1,200,000 zinazobaki ni za kutumia jina kwa miezi 120, kwa hiyo husambazwa: Sh10,000 kila mwezi. Kufikia tarehe 31 Desemba, Sh60,000 zimekuwa mapato, na Sh1,140,000 zimo vitabuni kama dhima, yaani huduma ambayo mwenye tawi bado anadai.

McDonald's ya Marekani inaonyesha jambo hili kwa ukubwa zaidi. Kabla ya 2018, iliandika ada ya kujiunga kuwa mapato mkahawa ulipofunguliwa. Kanuni mpya za Marekani, zilizotungwa sambamba na IFRS 15, ziliifanya isambaze ada hiyo katika muda wa mkataba, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Mrabaha wake uliendelea kufuata mauzo.

Mambo ya kukagua kabla ya kutia sahihi

Kwanza, dhima iliyo vitabuni si ahadi ya kurudisha pesa. Tawi likifungwa mwaka wa pili, ni mkataba unaoamua kama sehemu ya ada itarudishwa. Ukisema hairudishwi, salio huwa mapato ya mwenye chapa wajibu wake unapokoma.

Pili, tafuta kifungu cha mrabaha wa chini kabisa. Kikitaja, kwa mfano, Sh30,000 kwa mwezi, kiasi hicho hakitegemei mauzo tena. Kitadaiwa hata duka likiwa limefungwa kwa matengenezo.

Tatu, hakikisha mkataba unaeleza maana ya mauzo. Je, VAT, bidhaa zilizorudishwa na punguzo la bei huondolewa kwanza? Asilimia 5 ya Sh900,000 na asilimia 5 ya Sh1,044,000 zenye VAT ndani yake zinatofautiana kwa Sh7,200 kila mwezi.

Nne, tunza rekodi za mauzo za kila siku pamoja na stakabadhi za eTIMS. Mwenye chapa huandika mapato yake kwa kufuata mauzo ya tawi. Palipo na ubishi, rekodi hizo ndizo zitakazoonyesha kiasi halali cha mrabaha.