Kutoka Ombi hadi Ankara: Pembejeo, Zana, Mbinu na Matokeo katika Kuunganishiwa Maji

Mkazi wa Mji wa Babati anayeomba kuunganishiwa maji kutoka kwa mamlaka ya maji ya mji, BAWASA, aghalabu huzikumbuka siku mbili tu: siku aliyopeleka ombi na siku koki ilipotoa maji. Yaliyofanyika katikati huyaona kuwa ni kazi ya wataalamu. Lakini katikati humo ndimo fedha zake hutumika, na ndimo ucheleweshaji huzaliwa. Somo hili linamwezesha mtumiaji wa huduma kujua ombi lake limefika wapi na limekwamishwa na nini.

Maana ya maneno manne

Kila hatua ya mradi ina mambo manne. Pembejeo ni vitu vinavyohitajika kabla hatua haijaanza. Zana ni vifaa vya kufanyia kazi. Mbinu ni namna kazi inavyofanywa. Matokeo ni kile kinachopatikana hatua inapokamilika. Mkulima wa Babati anayepanda mahindi na mbaazi katika shamba moja anayafahamu haya: mbegu ni pembejeo, jembe ni zana, kuchanganya mazao ni mbinu, na mavuno ni matokeo.

Mpangilio huu hutumiwa na wasimamizi wa miradi duniani kote. Project Management Institute, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, iliutumia kueleza taratibu 49 katika toleo la sita la mwongozo wake, lililotolewa mwaka 2017. Msingi wake ni huu: matokeo ya hatua moja huwa pembejeo ya hatua inayofuata.

Hatua za kuunganishiwa maji

Hatua ya kwanza ni maombi. Pembejeo zake kwa kawaida ni fomu iliyojazwa, kitambulisho na uthibitisho wa makazi au umiliki. Matokeo yake ni ombi lililosajiliwa. Mwombaji aondoke na nakala au namba ya ombi.

Hatua ya pili ni upimaji. Ombi lililosajiliwa sasa ni pembejeo. Zana ni futi kamba na ramani ya mtandao wa mabomba. Mbinu ni kukagua eneo na kukadiria gharama. Matokeo ni makadirio yaliyoandikwa, yanayoonyesha urefu wa bomba, kipenyo chake, viungio na gharama.

Hapa ndipo wengi hupata hasara. Mwenye nyumba anayenunua mabomba kabla ya upimaji ameanza hatua ya tatu bila pembejeo yake. Kipenyo kikiwa sicho, au bomba kuu likiwa mbali kuliko alivyodhani, fedha zimekwisha potea na maji bado hayajafika.

Hatua ya tatu ni malipo na ujenzi. Pembejeo ni makadirio na malipo yaliyofanywa kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na mamlaka. Fedha asikabidhiwe mtu mkononi, kwa kuwa malipo yasiyo na stakabadhi hayawezi kuthibitishwa. Mbinu muhimu ni kulijaribu bomba kwa maji kabla mtaro haujafukiwa, ili uvujaji uonekane mapema. Matokeo ni bomba lililokamilika na dira ya maji iliyofungwa.

Hatua ya nne ni usomaji wa dira na utoaji wa ankara. Pembejeo ya kwanza ni tarakimu zilizokuwa kwenye dira siku ilipofungwa, mtumiaji aziandike. Dira ikisoma 12 mwanzoni mwa mwezi na 21 mwishoni, matumizi ni uniti 9. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Asiye na tarakimu za mwanzo hana kipimo cha kuhakiki ankara yake.

Kazi inapokwama

Mtumiaji asiulize tu, "Maji yatakuja lini?" Aulize: "Ombi langu liko hatua ipi? Ni pembejeo gani inayokosekana? Nani anapaswa kuileta?" Swali la kwanza hujibiwa kwa ahadi, haya matatu hujibiwa kwa jambo linaloweza kukaguliwa. Pengine kinachokosekana kiko mikononi mwake mwenyewe, kama vile uthibitisho wa makazi.

Asiporidhika, awasilishe kwanza malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka ya maji, akiambatisha nakala za makadirio na stakabadhi. Yasipotatuliwa, anaweza kuyafikisha EWURA, mdhibiti aliyeanzishwa kwa Sheria Sura ya 414 ya mwaka 2001. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, hutoa ushauri na kuwasemea watumiaji.

Maswali ya kujipima

1. Matokeo ya upimaji ni pembejeo ya hatua ipi?
2. Kwa nini bomba hujaribiwa kabla ya mtaro kufukiwa?
3. Dira ilisoma 30, sasa inasoma 37. Je, ni lita ngapi zimetumika?

Majibu: (1) Malipo na ujenzi. (2) Ili uvujaji ubainike mapema. (3) Lita 7,000.