Ninavyopika mboga ili kinga yake isiishie jikoni

Mboga na matunda yana antioksidanti, yaani kemikali za mimea zinazokinga seli za mwili. Seli inapogeuza chakula kuwa nguvu, hutokea pia radikali huru: molekuli zilizopungukiwa elektroni. Hizo hupokonya elektroni kwenye mafuta ya utando wa seli, na kila iliyopokonywa humgeukia jirani yake. Vitamini E hukatisha mfululizo huo kwa kutoa elektroni yake, kisha vitamini C huirudishia nguvu. Ndiyo maana najali sana mapishi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Mchicha. Naosha kwanza, ndipo nakata. Vitamini C huyeyuka majini, hivyo ukichemsha mchicha na kuukamua, umeimwaga. Naupika kwa maji yaliyobaki kwenye majani, nafunika sufuria, na naepua ungali kijani.

Nyanya na karoti. Hizi moto unazifaa. Laikopini, rangi nyekundu ya nyanya, imefungiwa ndani ya seli za tunda. Moto hulegeza kuta za seli hizo, na mafuta huisaidia kufyonzwa na utumbo. Kwa hiyo nazikaanga mpaka ziwe rojo. Beta-karotini ya karoti na mchicha nayo hutaka mafuta, basi tui la nazi si la ladha tu.

Kisamvu. Hapa usipunguze muda hata kidogo. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo yatwange vizuri na uyachemshe mpaka yaive kabisa. Vitamini C inayopotea naifidia kwa ndimu, ninayoikamulia nikishaepua, na kwa pera baada ya mlo. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Je, vidonge havitoshi? Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kitu kinachofaa kikiwa ndani ya karoti kinaweza kudhuru kikitolewa peke yake kwa dozi kubwa.

Basi, mvutaji sigara asinunue vidonge hivyo, na anayetibiwa saratani amuulize daktari wake kabla ya kumeza vidonge vya antioksidanti. Fedha hiyo ipeleke sokoni, ununue mboga na matunda ya rangi mbalimbali, kisha upike kila kimoja kinavyostahili.