Bweni Sio Chumba Tu: Somo kwa Anayetafuta pa Kulala Uingereza

Safari hii hatuzungumzii viza wala kubeba boksi, tunazungumzia pa kulala. Kila Julai na Agosti wenzetu wanaojiandaa kuja wanauliza swali lile lile: "Nichukue chumba gani?" Na majibu ni yale yale: chukua cha bei nafuu, au chukua chenye bafu ndani. Majibu yote mawili yana ukweli wake, ila yanaacha jambo moja kubwa, na hilo ndilo somo la leo. Kabla hujauliza chumba kina nini, uliza ni nani humo ndani atakayejua kama leo hujaamka.

Haya sijayasoma vitabuni. Nimekaa Uingereza miaka mitatu, kila mwaka mahali tofauti, na mwaka mmoja kati ya hiyo ilibaki kidogo familia yangu ipokee simu mbaya. Nitafika huko.

Tulikotoka

Aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anajua neno "kubebana". Chumba kimepangiwa watu wanne, usiku wanalala sita, kwa sababu kuna wawili hawakupata nafasi na haiwezekani kuwaacha nje. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli mpya pale chuoni zenye nafasi 3,840, na hata hivyo watu waliendelea kutafuta vitanda. Makerere nako mtu hasemi tu anasoma Makerere, anakwambia yeye ni wa Lumumba au wa Mary Stuart, kama vile anataja ukoo wake.

Maisha yale yana adha zake: foleni ya bafu, maji kukatika, mtu kuvaa shati lako bila kuomba. Lakini kule huwezi kuugua kwa siri. Ukikosa kipindi cha saa mbili asubuhi, saa tatu mtu anakuvuta shuka na kukuuliza una nini. Hatukuwahi kuuita huo msaada, tuliuona ni usumbufu tu. Ukifika huku ndipo unajua kilikuwa kitu gani.

Na hata huku, Waafrika waliotutangulia walilijua hilo. Umoja wa wanafunzi wa Afrika Magharibi, WASU, ulianzishwa London mwaka 1925. Wakati ule wenye nyumba wengi walikuwa wakimkatalia mtu mweusi chumba waziwazi, na sheria haikuwazuia. Mwenzao Ladipo Solanke alizunguka Afrika Magharibi kuanzia 1929 hadi 1932 akichangisha fedha, na mwaka 1933 wakafungua hosteli yao Camden. Pale walipata kitanda, chakula cha nyumbani, magazeti na mijadala. Ubaguzi katika kupangisha nyumba ulikuja kupigwa marufuku kisheria mwaka 1968. Wazee wale walitafuta kuta, ni kweli, lakini walitafuta pia watu wa kuwa nao.

Aina za makazi utakazokutana nazo

*1. Bweni la korido.* Haya ndiyo mabweni ya zamani ya vyuo. Chumba ni chako peke yako, bafu na choo mnachangia watu kadhaa, na jiko ni moja kwa korido nzima. Mengine yana ukumbi wa chakula, unalipia pamoja na kodi. Kwa kawaida ni nafuu, na mara nyingi wasafishaji wa chuo ndio wanaosafisha mabafu ya pamoja. Kasoro zake ni kelele, na friji ambayo maziwa yako yanapungua bila wewe kunywa. Kama unachukua la chakula, uliza kwanza kama kuna nyama ya halali na kama wakati wa Ramadhani wanaweza kukuwekea chakula cha futari. Usije ukalipia milo usiyoila.

*2. Flati ya pamoja.* Vyumba vitano hadi vinane hivi, kila kimoja kina bafu lake, kile ambacho nyumbani tunakiita "self", halafu jiko moja la wote. Wengi wetu tunapangiwa hapa. Ni raha, ila fahamu kwamba bafu la ndani unasafisha mwenyewe, na kwamba unaweza kukaa wiki nzima humfahamu jirani. Mnakutana jikoni tu. Kama kila mtu anabeba sahani yake na kwenda kulia chumbani, basi flati hiyo ni studio sita zilizopangwa mstari mmoja.

*3. Studio.* Chumba, bafu na jiko dogo, vyote vyako, mlango mmoja. Nyingi zinaendeshwa na kampuni binafsi. Hapa ndipo nilipokaa mwaka wa kwanza, kwa kuwa nilisema nimechoka kuchangia choo tangu shule ya bweni. Miezi mitatu nilijiona bwana mkubwa. Napika dagaa, hakuna wa kuziba pua.

Desemba nikaenda nyumbani Tanga, nikarudi Januari. Sikumeza dawa za kinga, nikisema mimi nimezaliwa kwenye mbu. Wiki ya pili homa ikanishika. Nikadhani ni mafua ya baridi, kila mtu chuoni alikuwa anakohoa. Nikalala. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mihadhara walimu hawakuwa wakiita majina. Jengo lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kugonga mlango wangu. Simu iliisha chaji na sikuwa na nguvu ya kuinuka kwenda kwenye waya.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu anayeishi mji mwingine. Alipiga siku mbili sipatikani, akatafuta namba ya mapokezi ya jengo, akawaambia wafungue mlango. Walinikuta naongea maneno yasiyoeleweka. Hospitali walipima, malaria kali. Daktari alinieleza jambo ambalo nawaomba mlishike: kinga tuliyokua nayo utotoni hupungua ukikaa nje, na mtu aliyezaliwa Tanga anaweza kuugua vibaya kama mtalii. Ukipata homa baada ya kutoka nyumbani, hata kama zimepita wiki kadhaa, nenda siku hiyo hiyo na uwaambie wazi kwamba umetoka sehemu yenye malaria. Usiposema huenda wasiwazie kupima.

Sisemi studio ni mbaya. Mtu aliye na mke na anaandika tasnifu, studio inamfaa. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa, muhula wa kwanza, mji usiomfahamu, jua linazama saa kumi jioni Desemba, mimi simshauri.

*4. Vyumba vya kwenye "college".* Oxford, Cambridge na Durham chuo kimegawanyika katika "college", na nyingi zina vyumba vyake, ukumbi wake wa chakula na bawabu wake getini. Kwa upande wa kutopotea, hapa ni pazuri, kwa sababu bawabu anakujua sura. Tatizo ni likizo. Oxford na Cambridge muhula ni wiki nane tu, na wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wanatakiwa kuondoa vitu vyao chumbani likizo inapoanza. Mwingereza anakuja baba yake na gari. Wewe unakwenda wapi na masanduku mawili na sufuria ya ugali? Uliza mapema kama wageni wanaruhusiwa kubaki na kama kuna stoo.

*5. Nyumba ya kupanga.* Mwaka wa pili na wa tatu wengi wanaungana watano, sita, wanapanga nyumba mtaani. Mwaka wangu wa tatu tulikuwa Watanzania wawili, Wakenya wawili na Mganda mmoja. Ndiyo mwaka niliocheka kuliko yote. Ndiyo mwaka tuliogombana kuliko yote pia, na ugomvi wenyewe ni hita. Mmoja anataka iwake usiku kucha, mwingine anahesabu senti. Kaeni siku ya kwanza, mkubaliane saa za hita na nani anakusanya fedha za bili. Msisubiri bili ije.

Mkataba: soma kabla ya kutia sahihi

Jambo la kwanza, hesabu wiki, usitazame bei ya wiki moja. Mabweni mengi ya vyuo yana mikataba ya wiki 38 hadi 44, za binafsi zinaweza kufika 51. Tuseme chumba A ni paundi 160 kwa wiki, wiki 40, jumla 6,400. Chumba B ni paundi 145 kwa wiki, wiki 51, jumla 7,395. Kile kilichoonekana rahisi kimekuzidi paundi 995. Ila kama unasoma masters ya mwaka mmoja na tasnifu inakwenda hadi Septemba, hizo wiki za kiangazi unazihitaji.

Jambo la pili ni amana. Kwa England, sheria ya mwaka 2019 inasema amana isizidi kodi ya wiki tano kwa kodi za viwango vyetu wanafunzi. Kwenye nyumba za mtaani, tangu 2007 mwenye nyumba lazima aiweke amana hiyo kwenye mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali, na ana siku 30 tu kufanya hivyo. Siku unayoingia piga picha kila doa na kila ufa.

Jambo la tatu ni mdhamini. Wenye nyumba hupenda mdhamini anayeishi Uingereza, na wengi wetu hatuna. Sisi tulidaiwa kodi ya miezi sita mbele, tukachanga hadi akiba za pilau. Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 iliweka 1 Mei 2026 kuwa tarehe ya mwenye nyumba binafsi England kutoruhusiwa kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele. Mabweni ya chuo hayamo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo uliza ofisi ya makazi ya chuo chako.

Jambo la nne, mwanafunzi wa muda wote halipi kodi ya halmashauri. Mkimwingiza ndani rafiki ambaye si mwanafunzi, bili inaweza kuja. Na ukitazama televisheni moja kwa moja chumbani kwako, hata kwenye kompyuta, unahitaji leseni.

Jiko ndilo baraza

Baada ya hospitali niliomba kuhama, na mwaka wa pili nikapata bweni la korido, watu kumi na mmoja jiko moja. Nikafanya uamuzi mmoja tu: chakula changu cha jioni nitalia jikoni, hata kama niko peke yangu. Wiki ya kwanza walinisalimia na kupita. Wiki ya tatu nilikuwa nasukuma chapati, mmoja kutoka Malaysia akasema kwao ipo inayofanana. Kufika Novemba tulikuwa tunapika zamu kila Jumapili. Februari nilipata mafua, nikakosa jikoni jioni moja. Saa tatu usiku mlango ukagongwa, yule Mmalaysia ameshika bakuli la uji wa mchele. Homa yenyewe ilikuwa ndogo, lakini nilikaa kitandani nikalia.

Tahadhari mbili za jikoni. Kengele ya moto ikilia saa nane usiku kwa sababu ya mafuta yako ya sambusa, watu wote watasimama nje kwenye baridi wakikutazama wewe, kwa hiyo fungua dirisha na funga mlango wa jiko. Na ndugu zetu wa pwani, mabweni mengi yanakataza mishumaa na kufukiza udi na ubani chumbani. Soma kanuni zenu kabla hujawasha.

Mambo manne ya wiki ya kwanza

1. Jiandikishe kwa daktari wa eneo lako ukiwa mzima. Ushauri wa afya usio wa dharura ni simu namba 111, dharura ni 999.
2. Gonga milango ya majirani wawili, kushoto na kulia. Sema jina lako na unakotoka. Huku wanaona aya kuanza wao, anza wewe.
3. Mpe mtu mmoja wa nyumbani anwani yako kamili na namba ya mapokezi ya bweni. Shangazi yangu aliitafuta kwa nusu saa nzima, na nusu saa ile ni ndefu.
4. Kubaliana na mwenzako mmoja: asiyeonekana wala kujibu simu kwa siku nzima, atafuatwa mlangoni.

Hilo la nne chama chetu kinaweza kulisimamia hata kwa wale waliokwisha kulipia studio. Tazama orodha ya wanachama, tafuta anayekaa jengo lako, na kama hayupo, anayekaa mtaa wako. Mkubaliane leo.

Haya jamani, kwa leo tuishie hapo. Toleo lijalo tukijaaliwa tutajifunza namna ya kupata kazi za saa chache bila kuvunja masharti ya viza. Wasalaam, na mkipika pilau mtuite.