Boriti Zisizoonekana Angani: Upimaji wa Misitu kwa Mbali na Istilahi za Mikoko ya Lamu

Utangulizi
Makala haya yanachunguza namna misitu inavyopimwa kwa vyombo vya angani, na mchango ambao istilahi za Kiswahili zinaweza kutoa katika taaluma hiyo. Mfano unaotumiwa ni mikoko ya Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.

Jinsi msitu unavyopimwa
Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1972, hurekodi tofauti hiyo. Kutokana nayo, wataalamu hukadiria eneo la msitu na msongamano wa majani. Kimo nacho hupimwa kwa leza: mwali huelekezwa chini, na muda unaopita kati ya mrejeo wa vilele vya miti na ule wa ardhi hubainisha urefu wa miti. Hata hivyo, unene wa shina hufichwa na majani. Aghalabu hukadiriwa kwa milinganyo iliyotokana na miti iliyopimwa kwa mkono.

Istilahi za wakataji
Unene huo ndio msingi wa istilahi za wakataji wa mikoko. Wao huyapanga magogo kwa kipenyo: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Boriti, mathalani, ina kipenyo cha takriban sentimita 11.5 hadi 13.5, na ndiyo inayobeba dari za nyumba za mawe za Lamu. Miti ya kipimo hicho ikikatwa mmoja mmoja, ile myembamba iliyobaki huweza kutandaza majani na kuziba mapengo. Picha itaonyesha kijani kile kile, ilhali mkataji atasema boriti zimekwisha. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Hitimisho
Ni dhahiri, basi, kwamba ripoti inayotaja eneo la mikoko pekee huacha swali muhimu bila jibu. Vipimo vya ardhini vinavyosahihisha makadirio ya setilaiti vikirekodiwa pia kwa madaraja ya fito hadi nguzo, wakataji wenyewe wataweza kuisoma ripoti na kuihoji. Kwa hivyo, ni wajibu wa wanaistilahi kuyakusanya madaraja hayo, pamoja na vipimo vyake, kabla wazee wanaoyajua hawajatoweka.